Sauti Iliyokoma Jumatatu

"Afande, mtu aliyepotea hajibu wateja."

Koplo Yusto alikuwa amekalia pikipiki ya kituo mbele ya duka la stesheneri pale Nyabiyonza, kofia ngumu mapajani. Alisema kama mtu aliyekwisha kulifunga jalada kichwani mwake zamani. Yusto ni Mnyambo wa huku huku, mnene, mpole, karibu kustaafu, na hakuna kinachomuudhi kama safari isiyo na sababu.

"Anawajibu kwa herufi," alisema Mkaguzi Kemirembe. "Ndicho kinachonisumbua."

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Anatolia, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, muuza kahawa ya kutafuna, hakuonekana kijijini tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Alhamisi mama yake, Bi Mukandekezi, akaja kituoni akilia. Jumapili akarudi akicheka: mwanangu amejibu ujumbe, yuko Bukoba kwenye semina, samahanini kwa usumbufu. Kituo kizima kikapumua, na askari aliyekuwa zamu akaandika kwamba mhusika yupo hewani. Kemirembe wakati huo alikuwa Bukoba kutoa ushahidi mahakamani. Aliporudi akalisoma jalada, akaona limejaa maneno ya watu kuhusu Anatolia na halina hata neno moja la Anatolia mwenyewe. Hakupenda. Mkaguzi huyo, mwanamke wa Muleba, ana ugonjwa mmoja ambao wakubwa wake wanaujua: jambo likimkaa vibaya, halali, na wengine hawalali.

Ndani ya duka, Gideon alikuwa akitoa fotokopi. Alizima mashine, akafuta mikono kwenye suruali, akaamkia. Kijana huyu wa miaka thelathini ndiye aliyeliingiza soko la Nyabiyonza mtandaoni. Alikwenda semina ya wajasiriamali Kayanga, akarudi na cheti na maneno mengi, akawakusanya akina mama wanaochemsha kahawa, akawafundisha kupiga picha, kufungua kundi la wateja, kutuma mzigo kwa basi. Wengi waliishia kwenye picha. Anatolia peke yake ndiye aliyefika mbali. Kahawa yao, ile wanayoichemsha na majani ya porini na kuianika, ambayo huku mgeni hupewa atafune hata kabla ya kuulizwa habari za atokako, sasa ilikuwa ikitafunwa Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Nyumba zote za upande ule wa kijiji zilikuwa zikimpelekea yeye kahawa zao.

"Nionyeshe kundi," alisema Kemirembe.

Gideon akafungua simu. Kundi liliitwa Akamwani ka Nyabiyonza, yaani kahawa ya Nyabiyonza, na picha yake ilikuwa kiganja cha mwanamke chenye punje nyeusi za kahawa.

"Panda juu. Wiki mbili nyuma."

Kila asubuhi kulikuwa na ujumbe wa sauti. Kemirembe akabonyeza mmoja. Sauti ya Anatolia ikajaa duka, nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha: "Wateja wangu, mmeamkaje waitu? Leo jua limekubali. Wa Dodoma, wewe baba uliyesema kahawa yangu chungu, kahawa si peremende." Kemirembe akabonyeza mwingine, na mwingine. Yusto naye akaingia ndani kusikiliza, akatabasamu bila kutaka.

"Kwa nini alikuwa anatumia sauti siku zote?"

"Hapendi kuandika, afande. Anasema herufi zinamchelewesha. Mimi nilimfundisha kuandika biashara kitaalamu, akanicheka."

Sauti ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu asubuhi. Jumanne hapakuwa na kitu. Kuanzia Jumatano yakaanza maandishi: *Habari wateja. Mzigo upo. Maiki ya simu imeharibika, tuvumiliane.* Kisha ahadi, bei, shukrani. Hakuna utani hata mmoja.

"Simu ya nani inaandika haya?"

"Ya Anatolia. Akaunti iko kwenye simu yake ile ile, hakuiunganisha kwingine popote. Nilimfungulia mimi, najua."

"Kwa hiyo anayeandika ana simu ya Anatolia mkononi."

"Ndiyo. Yaani Anatolia."

Kemirembe aliendelea kuteremsha ujumbe kwa kidole. Alikuwa amefika kwenye picha ya Ijumaa. Kahawa imetandazwa juu ya kitambaa, na katikati yake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MAMA AINEBYONA, MWANZA.

"Hii karatasi ni ya nini?"

"Wateja wa mtandaoni wana wasiwasi, afande. Wanatapeliwa sana. Mgeni akija anakwambia, andika jina langu, weka juu ya mzigo, piga picha nione. Ndiyo anaamini mzigo upo kweli na picha si ya zamani. Huyu mama aliingia kundini Ijumaa asubuhi hiyo hiyo, akaomba, akatumiwa."

Yusto aliinama kuitazama picha, akakunja uso.

"Ijumaa gani?"

"Iliyopita."

"Haiwezekani. Ijumaa Mzee Rwegoshora alikuwa ndani, amelala. Tulimzika Jumamosi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maiti ikiwa kijijini haijazikwa, hakuna anayeshika jembe, hakuna anayekata mkungu wa kuuza, na hakuna anayeanika kahawa uani watu wakipita kwenda kulia. Atakayethubutu, siku akifiwa yeye atachimba kaburi na mke wake. Kwao Kemirembe, Muleba, ni hivyo hivyo.

"Basi haikuanikwa Nyabiyonza," alisema Kemirembe.

"Mutalemwa," alisema Yusto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavaa kofia yake bila kuambiwa.

Mutalemwa alikuwa mnunuzi wa kahawa wa Nkwenda, upande wa Kyerwa. Huyu hununua kahawa ikiwa bado maua mtini, mkulima akiwa na mgonjwa au mtoto wa kupeleka shule, biashara ambayo wenyewe wanaiita butura na ambayo sheria inaikataza kila mwaka. Tangu Anatolia aanze kuuza mtandaoni, nyumba zile zilimfungia Mutalemwa milango. Mwezi uliopita alisimama gulioni akatamka mbele za watu kwamba mwanamke huyo na simu yake atawaonyesha kazi. Maneno hayo yalikuwamo kwenye jalada, yamepigiwa mstari.

Walifika Nkwenda mchana, vumbi limewabadilisha rangi. Mutalemwa alikuwa kwenye baraza la ghala lake, mzee mrefu mwenye koti hata juani, akichambua kahawa kwa kidole kimoja kama anayetafuta kosa.

"Shikamoo mzee," alisema Kemirembe.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kwa butura au kwa Anatolia?"

"Chagua wewe."

"Anatolia. Butura mngekuja na gari." Akawasogezea benchi. "Nilisema nitamwonyesha kazi. Nilisema, sikatai. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Lakini sijamgusa."

"Ijumaa ulianika kahawa?"

"Ijumaa mvua ilipiga hapa tangu alfajiri. Muulize yeyote Nkwenda. Hata kuku sikuwaachia."

Yusto akainuka, akavuka barabara, akazungumza na mwanamke muuza maharage, kisha na fundi baiskeli. Akarudi akitingisha kichwa. Mvua ilikuwa kweli, tena ya kubomoa kingo za barabara.

Kemirembe alihisi safari yote ile ikimteremkia miguuni. Akatoa simu yake, akamwonyesha mzee ile picha aliyotumiwa na Gideon. "Unamjua Mama Ainebyona wa Mwanza?"

Mutalemwa aliitazama, akacheka kifupi, kicheko cha aibu.

"Namjua sana. Ni mimi."

"Sema tena."

"Mama Ainebyona ni mimi. Mnanitazama nini? Mwanamke amenifungia milango ya nyumba zote zile kwa simu. Nami nikanunua simu. Mjukuu wangu akaniingiza kundini na jina la kike, nijue anauzaje, anasema nini na watu. Nikajifunza. Nikaomba picha yenye jina, maana nilitaka kujua kama kahawa anayo au anauza maneno." Akashusha sauti. "Halafu nikamtukana. Kwa makusudi. Nikamwandikia kwamba kahawa yako ina mchanga. Anatolia ninayemjua angenirudishia tusi kwa sauti mpaka simu iungue. Yule akaniandikia, *samahani mteja wetu, tutarekebisha.* Nikasema moyoni, huyu si yeye."

"Na ukanyamaza."

"Ningemwambia nani? Nyie? Mimi, Mutalemwa, nije kituoni niseme Anatolia hayupo? Mngenifunga siku ile ile."

Yusto akatazama pembeni, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Picha unayo kwenye simu yako? Ile yenyewe uliyotumiwa?"

Simu ya mzee ilikuwa kubwa kuliko zote walizonazo askari wale. Kemirembe akaivuta picha kwa vidole viwili, akaenda pembe moja hadi nyingine bila haraka. Kitambaa kilikuwa shuka la maua ya zambarau. Mwanga uliingia kutoka upande mmoja tu, ukakatika wima, sawasawa, kama unavyokatwa na dirisha. Na juu kabisa, nusu yake imekatwa na ukingo wa picha, palikuwa na kopo la maziwa ya watoto, na ndani ya kopo mguu wa mbao.

"Yusto. Hiki ni nini?"

Yusto akasogeza uso. "Mguu wa kitanda. Wanauweka kwenye kopo lenye mafuta ya taa, siafu wasipande."

"Nani anaanika kahawa chumbani?"

Hapo ndipo Koplo Yusto alipoisahau njaa aliyokuwa nayo tangu asubuhi. Kahawa haianikwi chumbani. Chumbani itaota ukungu. Anayeitandaza sakafuni kando ya kitanda hataki ikauke, anataka ipigwe picha, na anaogopa kuonekana anafanya hivyo. Ijumaa ile, katika Karagwe na Kyerwa yote, kijiji ambacho mtu angeogopa kuonekana na kahawa mbele yake kilikuwa kile kile walichotoka asubuhi. Walikuwa wamekimbia mbali na mtu waliyemtafuta, wakamwacha nyumbani kwake.

"Vero," alisema Kemirembe.

Vero ndiye aliyekuwa akichemsha kahawa na Anatolia, mwenzake tangu siku ya kwanza. Jana yake tu aliwapokea vizuri, akawaambia Anatolia anampigia kumpa oda, naye anafunga mzigo na kuupeleka kwenye basi. Walipoomba kuona simu anayopigiwa aliwaletea kitochi, kile kidogo cha vibonye, kimefungwa mpira nyuma betri isidondoke. Kitochi hakipigi picha kama ile; aliyekuwa na mzigo alikuwa na simu nyingine.

"Lakini afande, hapo kuna jambo baya zaidi," alisema Yusto polepole. "Kama simu iko kwa Vero..."

"Basi Anatolia aliondoka bila simu. Washa pikipiki."

Walirudi kwa mwendo wa mbio. Kemirembe alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani, kwa hiyo akaibana kwenye kiti cha pikipiki pamoja na magoti yake.

Vero walimkuta jikoni kwake, kibanda cha nyuma ya nyumba, chungu cha kahawa kikitoa mvuke wenye harufu ya majani. Paneli ya sola ilikuwa juu ya bati. Aliwaona, akaacha mwiko ndani ya chungu.

"Karibuni waitu. Kaeni, niwape..."

"Tuingie chumbani kwako, Vero."

"Chumbani kuna nini, afande? Hakujafagiliwa."

"Tutavumilia."

Shuka la zambarau lilikuwa limetandikwa kitandani. Miguu yote ya kitanda ilisimama ndani ya makopo. Kemirembe hakupekua kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua ile picha, akaiweka kwenye shuka upande wa maua.

"Nipe simu yake."

Vero alitazama picha, akatazama shuka, akatoa simu kutoka chini ya mto. Ilikuwa na kava jekundu na ufa pembeni. Akaishika kwa mikono miwili kabla ya kuitoa, na ikamchukua muda.

"Yuko wapi?"

"Sijui. Naapa, afande, sijui. Nilidhani atarudi."

"Anza Jumatatu."

"Jumatatu alikuja asubuhi, simu yake imekwisha chaji. Akaniachia niichaji kwenye sola. Alikuwa anakwenda Nyakakika kwa Mackrine, yule mama anayetusukia vikapu vya migomba vya kuwekea kahawa. Wateja wanavipenda. Akasema jioni atakuwa amerudi, akapita njia ya bondeni kwa miguu. Mchana mvua ikanyesha. Nikasema amelala huko."

"Jumanne?"

"Nikasema mvua."

"Jumatano?"

Vero akaanza kulia, lakini aliendelea kusema, maneno yakitoka na machozi kwa pamoja. "Jumatano simu ilikuwa inalia tu. Oda, maswali, mwingine anasema nimetuma pesa mko wapi. Gideon alitufundisha, kundi lisikae kimya hata siku moja, mteja wa mtandaoni hasubiri, anahama. Nikajibu mmoja. Nikasema nijibu huyu tu, kesho Anatolia atakuja ajibu wengine. Neno lake la siri tunalijua wote. Halafu watu wakaanza kusema ana mwanamume Bukoba. Nikasema pengine ni kweli, na akirudi akute biashara imekufa atanilaumu. Nyumba zote zile, afande. Wote wanategemea simu hii. Tukirudi kwa Mutalemwa tutakula nini?"

"Na mama yake?"

Vero akafuta machozi kwa kiganja.

"Mama yake alituma ujumbe, Vero. Alimuuliza mwanawe yuko wapi."

"Alituma sauti," alisema Vero. "Alikuwa analia. Nilisikiliza mara nyingi. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia hujui."

"Nilitaka alale. Nikaandika niko Bukoba, nipo salama, usilie mama. Nilitaka alale tu."

Yusto, mlangoni, alitoa pumzi kwa nguvu. Kemirembe aliiweka simu kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Kwa Mackrine ulikwenda kuuliza kama alifika?"

"Mackrine hana simu."

"Si umesema ni mwendo wa miguu. Ungekwenda, ungeuliza, ungerudi siku hiyo hiyo."

"Ningemwachia nani simu?" alisema Vero.

Alisema hivyo bila ujanja, kama mama anayeuliza angemwachia nani mtoto mchanga, na Kemirembe aliyekuwa amejiandaa kumfokea akaghairi. Alitoka nje, akampigia mtendaji wa kijiji cha Nyakakika. Mtendaji hakukawia. Alituma mtu wa pikipiki kwa Mackrine na jibu likarudi wakiwa bado uani: vikapu vilikuwa tayari tangu Jumatatu ile, vimepangwa mlangoni, na hakuna mtu aliyekuja kuvichukua.

Kwa hiyo hakufika. Palibaki bonde. Palibaki mto wa chini wenye daraja la magogo, mafunjo marefu kuliko mtu, na zaidi ya wiki ya mvua.

Kemirembe akampigia mkuu wake wa upelelezi, akaeleza, akaomba watu. Upande wa pili karatasi zikasogezwa. Gari lilikuwa Bukoba. Askari waliokuwapo walikuwa kwenye msafara. Kesho asubuhi, mkaguzi, kesho mapema sana.

"Kesho," alisema Kemirembe, akakata simu. "Yusto, kaa na huyu. Asitoke, asipige simu kwa mtu. Mimi naenda kwa mama kabla kijiji hakijamwambia."

Nyumba ya Bi Mukandekezi ilikuwa karibu, ndani ya migomba iliyotunzwa vizuri, majani makavu yametandazwa chini hadi mlangoni. Bibi alikuwa uani na jirani yake Edith, mwanamke wa makamo, wanamenya ndizi. Alipomwona Kemirembe alinyanyuka haraka kuliko umri wake, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Umekuja kunisalimia? Ninyi mlihangaika sana kwa ajili yangu. Mtoto mjinga yule, kwenda semina bila kuaga!" Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa, akamimina punje kwenye kiganja cha mgeni. "Tafuna. Hii ni ya mkono wake mwenyewe, ya mwezi uliopita."

Kemirembe akazifumba kiganjani. Alikuwa amekwisha kupeleka habari mbaya katika nyumba nyingi, na ana maneno yake ya kuanzia, lakini maneno hayo yalikuwa ya kumwambia mtu kwamba mwanawe amekufa. Hakuwa na maneno ya kumwambia mtu kwamba mwanawe hakuwahi kujibu.

"Mama, kaa kidogo. Nina jambo kuhusu Anatolia."

"Anarudi?" Uso wa bibi ukafunguka. "Jana aliniandikia bado siku chache. Edith ndiye ananisomea, mimi na herufi hatujuani. Nilimwambia anitumie sauti, anasema maiki mbovu. Sisi watu wa zamani sauti ndiyo barua. Edith, hebu nipe simu yako, nimwambie mkaguzi mwenyewe amekuja kutusalimia. Atafurahi."

"Mama, ngoja..."

Lakini Edith alikuwa amekwisha kuiweka simu mbele ya mdomo wa bibi na kubonyeza, kama walivyozoea. Bi Mukandekezi akaisogelea, akapaza sauti kidogo, kama watu wanavyosema na mtu wa mbali.

"Anatolia mwanangu. Hapa nipo na mkaguzi wa polisi, ni mtu mzuri. Kula vizuri huko. Kahawa yako ya uani naianika, usiwe na wasiwasi. Rudi."

Edith akaachia kidole.

Mkoba wa Kemirembe ukalia.

Ilikuwa sauti fupi ya kawaida tu, kengele ndogo. Edith akatazama mkoba, akatazama simu yake, rangi ikamtoka. Bibi hakuelewa mara moja. Alimtazama mkaguzi, akangoja kama mtu anayengoja mgeni apokee simu yake. Kisha akaona uso wa Edith.

"Tuma tena," alisema.

"Mama Anatolia..."

"Edith. Tuma tena."

Edith akabonyeza, na hakuna aliyezungumza, kwa hiyo kilichokwenda kilikuwa upepo wa migomba na kuku. Mkoba ukalia tena.

Kemirembe akafungua zipu. Akaitoa simu yenye kava jekundu, akaiweka mezani katikati ya maganda ya ndizi. Machozi yalikuwa yamemfika naye, na hakuyaficha.

"Tumeikuta kwa Vero, mama. Ndiye aliyekuwa anajibu. Anatolia aliondoka Jumatatu kwenda Nyakakika kwa njia ya bondeni, na hakufika. Simu hakwenda nayo. Nimeomba watu wa kumtafuta, wameniambia kesho."

Bi Mukandekezi aliikodolea macho simu. Aliinua mkono, akaugusa ufa wake kwa kidole, akaurudisha mkono mapajani.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema, "hakuna aliyekuwa anamtafuta."

"Hapana, mama."

"Hata mimi."

Bibi akanyanyuka. Akajifunga kitenge kiunoni, akakaza fundo, akatembea hadi mwisho wa uwanja mahali ambapo shamba linaanza kuteremka na sauti haizuiwi na kitu. Akajaza kifua. Akapiga enduru, yowe lile la juu, refu, analolikatakata kwa kiganja mdomoni, ambalo huku mtu halipigi kwa mchezo na likipigwa hakuna anayebaki ndani. Akapiga tena. Shingo ilimsimama mishipa, mzee yule, na sauti haikupungua.

Kwa mbali ng'ambo ya migomba mtu akaipokea. Kisha mwingine, mlima wa pili. Milango ikaanza kusikika. Wanaume wakatoka mashambani na mapanga, wanawake na watoto mgongoni, Gideon akaja akikimbia na funguo za duka mkononi, na uwanja ukajaa kabla Kemirembe hajapata simu yake kumwita Yusto. Yusto mwenyewe alitokea akihema. Nyuma yake alikuwa Vero.

"Ni nini? Nani?" watu waliulizana.

"Anatolia amepotea," alisema Bi Mukandekezi. "Yule mliyekuwa mnaandikiana naye si yeye."

Minong'ono ikapita kundini, watu wakitoa simu zao, wakizitazama, wakizirudisha mifukoni. Wengine wakageuka kumtafuta Vero kwa macho, na mwanamume mmoja akapiga hatua kumwelekea. Bibi akamzuia kwa mkono bila kumtazama. Akamwendea Vero yeye mwenyewe, akasimama karibu naye kabisa.

"Aliteremkia wapi?"

Vero akanyoosha mkono kuelekea mtoni.

Bi Mukandekezi akachukua panga la mtu wa karibu, akatangulia.